Zihamisheni, msizifute: barua ya wazi kuhusu kesi za mikataba

Kwa:
Jaji Mkuu na Rais wa Mahakama ya Juu,
Mwanasheria Mkuu,
Kamati ya Haki na Sheria ya Bunge la Taifa,
Kamati ya Kanuni za Kesi za Madai,
Nairobi

Waheshimiwa,

Kuna mtu ana milango yangu kumi na sita. Inafunguliwa na kufungwa kila siku, wapangaji wake huitia kufuli usiku, na pesa zake sijazimaliza kuziona. Jengo liko kando ya barabara, halifichiki. Nikipita pale na matatu, hata nikiwa nimekaa upande wa pili, naiona ile ngazi ya nje. Niliichomelea mwenyewe kwa siku nne, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kwa sababu kijana niliyemtegemea alifika ghorofa ya tatu akatazama chini na kusema ana mama anayemtegemea.

Sijaandika ili kumsemea kwenu mwenye jengo. Huyo ni mdeni wa kawaida, wa chama cha "kesho". Nimeandika kwa sababu nilimpeleka mahakamani nikiwa na karatasi zote, na kesi ikafa kabla mtu yeyote hajauliza kama kweli ana deni. Ilikufa kwa sababu niliipeleka kwenye mlango usiokuwa wake, na kilichofanya usiwe wake ni Sh43,500.

Mniruhusu niieleze, kisha nitafika kwenye sheria.

Kazi ilianza katikati ya mwaka 2017. Milango, grili za madirisha na vizuizi vya roshani, vyote kwa mkataba wa kurasa mbili tuliotia sahihi juu ya boneti ya gari lake. Malipo ya kwanza aliyatoa vizuri, hata nikamsifu kwa wenzangu. Kazi ikiwa imefika nusu akataka ngazi ya nje, maana kaunti ilikuwa imemuuliza wapangaji watatokea wapi moto ukizuka. Tukakubaliana bei ya ngazi peke yake, Sh131,500, nayo akaitilia sahihi kwenye karatasi ya kupokelea mzigo. Baada ya hapo alilipa haba na haba: elfu ishirini leo, elfu kumi na tano baada ya wiki tatu, zote kwa M-Pesa. Ya mwisho iliingia tarehe 14 Machi 2018. Salio la kazi ya kwanza lilikuwa Sh912,000, na ngazi haikuwa imeguswa hata shilingi.

Mtaniuliza mbona nilikaa hadi 2023. Mna haki ya kuuliza. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa naamini ahadi. Kisha ikaja korona na kila mtu akawa na sababu. Na nikubali kosa langu: niliogopa wakili. Mtu wa jua kali akisikia bei ya kufungua faili hurudi kwenye chuma chake akajaribu kusahau. Kilichonipa moyo ni habari za Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwezi Aprili 2021. Nilisikia redioni kwamba huhitaji wakili, kwamba kanuni ngumu za ushahidi hazikubani, na kwamba kesi inatakiwa kwisha ndani ya siku 60. Siku 60! Dawa ya deni ni kulipa, na mimi nikaona dawa ya asiyelipa nayo imepatikana.

Sheria ya Ukomo wa Mashtaka inampa mtu miaka 6 kudai deni la mkataba, na malipo ya sehemu ya deni huifanya saa ianze upya. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi hadi 14 Machi 2024. Novemba 2023 nikaenda saiba. Kijana wa pale akafungua mfumo wa mahakama, akaniuliza, "Mzee, unadai ngapi zote?" Nikajumlisha salio na ngazi: Sh1,043,500. Akaandika. Mfumo ukakubali, ukanipigia ada, nikalipa kwa simu, nikapata namba ya kesi. Niliitazama ile namba kama mtu anayetazama cheti cha mtoto.

Habari kwamba mahakama ile haipokei dai linalozidi milioni moja nilikuwa nazisikia. Nilichodhani ni kwamba ngazi, kwa kuwa ilikuja baadaye na bei yake, inahesabiwa kando. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Lakini ule mfumo niliujazia kiasi kwa tarakimu, ukatumia kiasi hichohicho kunitoza ada, na haukusema lolote.

Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Wakili wa mwenye jengo hakukana deni hata mara moja. Alikaa kimya hadi Februari 2024, ndipo akaleta pingamizi la awali: dai limepita milioni moja, mahakama hii haina mamlaka. Nilisimama nikasema niko tayari kuachilia hizo Sh43,500. Nikasema hata ngazi yote naiachia, achukue bure, tusikilizwe kwa salio tu. Mwamuzi alinisikiliza kwa upole, nami sina neno baya juu yake. Akanieleza kwamba mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kupokea hata huo msamaha wangu. Uamuzi ukatoka tarehe 18 Aprili. Kesi ikafutwa, na gharama za mwenzangu nikabebeshwa mimi.

Nilipompata wakili wa kunisomea kwa makini, aliniambia kitu ambacho alidhani ni habari njema. "Hujashindwa," alisema. "Kesi haikutupwa, imefutwa tu. Uko huru kuifungua upya kwenye mahakama inayostahili." Nikatoa simu nikahesabu. Uhuru wangu ulikuwa umeniisha mwezi mmoja na siku nne kabla sijapewa. Kuhusu rufaa aliniambia kwamba kutoka mahakama ile rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria pekee, na hoja ya sheria ndiyo iliyoniangusha.

Uamuzi wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, kurasa sita. Nyumbani nilimpa binti yangu aliye kidato cha nne anisomee taratibu. Alipofika mahali walipoandika kwamba mahakama ikijiona haina mamlaka huweka zana zake chini, akacheka: "Baba, hapa ni kama wanakuzungumzia wewe."

Hayo maneno ya zana yana historia, na tangu siku ile nimeitafuta. Ni ya mwaka 1989, ya Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mafuta ya meli iliyoitwa Lillian S. Alisema mamlaka ndiyo kila kitu. Bila mamlaka mahakama haipigi hatua nyingine, inaweka zana chini. Mawakili wa nchi hii wanayakariri kama sala. Sina ugomvi nayo. Hakimu asiye na mamlaka akihukumu, kesho atahukumu yeyote kwa lolote.

Ila, Waheshimiwa, mimi ni mtu wa zana, na zana naziweka chini mara nyingi. Juzi mama mmoja aliniletea geti la aluminiamu lililovunjika bawaba. Mimi nachomelea chuma. Aluminiamu ina mashine yake na gesi yake. Nikiigusa na mashine yangu naitoboa. Nikaweka zana chini. Lakini sikulitupa geti lake mtaroni nikamwambia yuko huru kulitengeneza upya. Nilimwita kijana, tukalibeba kupita vibanda vitatu hadi kwa fundi wa aluminiamu, nikamwonyesha bawaba, nikarudi kwangu. Sikuligusa kwa moto. Nililikabidhi.

Kusikiliza kesi na kuikabidhi ni kazi mbili tofauti, na sheria yetu imezifanya moja. Hapo ndipo ninapowaombea mabadiliko.

Tuanze na kifungu cha 18 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuchukua kesi iliyo mahakama ya chini na kuisikiliza yenyewe, au kuipeleka mahakama nyingine ya chini, au kuteremsha iliyo kwake. Inaweza kufanya hivyo kwa ombi la mmoja wetu au kwa hiari yake yenyewe, katika hatua yoyote. Kesi ikishahamishwa, inaweza kuanza upya au kuendelea pale ilipofikia. Ukikisoma peke yake unaona ni kifungu cha mtu mwenye busara. Shida ni tafsiri iliyokizunguka. Mwaka 1968 Jaji Mkuu wa Uganda, Sir Udo Udoma, Mnigeria aliyekuwa akihudumu Kampala, aliamua kwamba kesi haiwezi kuhamishwa isipokuwa ilifunguliwa kwanza kwenye mahakama yenye mamlaka. Mahakama zetu zikaufuata uamuzi huo hadi leo. Mahakama yetu ya Rufaa ilirudia mwaka 2019: kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka imefika ikiwa maiti, na Mahakama Kuu haiwezi kuihamisha kwa kuwa hakuna kesi halali ya kuhamishwa.

Kwa hiyo dawa ipo, ila inatolewa kwa mtu asiyeumwa.

Sasa tazameni nani anaumia. Kifungu cha 11 cha sheria hiyohiyo kinaniamuru nifungue kesi katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kuisikiliza. Yaani sheria yenyewe inanisukuma chini. Nikikosea kwa kwenda juu kidogo, kwa hakimu wa cheo kikubwa kuliko dai langu, kifungu hicho kinamwelekeza airudishe plainti, yaani hati yangu ya madai, nikaiwasilishe kwa hakimu wa chini yake, isipokuwa akiona kuna hoja ya sheria au sababu nyingine nzuri ya kubaki nayo. Nikikosea kwa kwenda juu kabisa hadi Mahakama Kuu, nayo hainizuru, kwa sababu Katiba katika ibara ya 165 imeipa Mahakama Kuu mamlaka yasiyo na kikomo katika madai, ukiacha mambo ya ardhi na ya ajira yenye mahakama zake. Kwa kuwa ina mamlaka, kesi ni hai, na ikiwa hai inahamishika. Lakini nikikosea kwa kwenda chini mno, nazikwa.

Hili niliona kwa macho. Baada ya yangu kufutwa nilienda Milimani siku moja nikaketi nyuma katika chumba cha Mahakama Kuu, kwa kiherehere tu, nione wakubwa wanavyodaiana. Kampuni moja ilikuwa imeishtaki nyingine kwa mkataba wa ujenzi, milioni 14 na kitu. Jaji akauliza kwa nini kesi kama hiyo iko kwake wakati hakimu mkuu anaweza kusikiliza hadi milioni 20. Mawakili wote wawili wakatazamana, wakatabasamu. Jaji akaamuru faili literemshwe kwa hakimu mkuu, akataja tarehe ya kutajwa, akaita kesi inayofuata. Haikuchukua dakika tatu. Hakuna aliyelipishwa gharama na hakuna aliyepoteza siku hata moja ya ukomo wake. Nilifurahi kwa ajili yao. Kisha nikashuka ngazi nikiwaza kwamba wale wenye mawakili wawili wawili walikosea kwa karibu milioni 6 chini ya kikomo na wakasamehewa, na mimi wa saiba nilikosea kwa Sh43,500 juu ya kikomo nikapoteza vyote.

Watu wenye pesa hukosea kwenda juu. Watu wa kibandani hukosea kwenda chini, kwa sababu chini ndiko kwenye ada nafuu, ndiko karibu na nyumbani, na ndiko redio ilikowaambia waende. Sidhani kuna aliyekaa akapanga sheria imwangukie mnyonge. Ilijipanga tu hivyo, na hakuna aliyeipangua.

Wala mistari yenyewe si rahisi kuiona kutoka nje. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 imeweka vikomo kwa vyeo: hakimu mkazi milioni 5, hakimu mkazi mwandamizi milioni 7, hakimu wa ngazi inayoitwa kwa Kiingereza principal milioni 10, mwandamizi wake milioni 15, na hakimu mkuu wa kituo milioni 20. Mwananchi anayefika Makadara au Kibera anaona jengo moja, geti moja na foleni moja. Nani atamwambia kwamba cheo cha hakimu aliye ndani ya chumba namba 4 ndicho kinachoamua kama kesi yake iko hai? Ongeza ugumu mwingine: mkataba ukigusa ardhi unaenda kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ukionekana wa ajira unaenda kwa Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kikazi. Na sisi mafundi, nusu ya siku tunaitwa wakandarasi na nusu ya siku vibarua, kutegemea nani anakwepa kulipa nini.

Wapo pia ambao kesi zao zilianza mahali sahihi kisha zikakua. Jirani yangu ana malori mawili ya kubeba kokoto. Alidai pesa za usafirishaji zikiwa ndani ya kikomo cha hakimu mkuu, hesabu zilipokaguliwa upya zikapita. Kesi ya namna hiyo sheria inaruhusu ihamishwe, kwa sababu ilizaliwa hai. Lakini hakimu hana uwezo wa kuipandisha mwenyewe. Ilibidi jirani apeleke ombi Mahakama Kuu, na hati ya kiapo, na wakili wa kueleza kwa nini haki na unafuu wa pande zote vinadai ihame. Alipopigiwa hesabu ya ombi hilo aliiacha ile ziada, akabaki na kiasi cha hakimu. Anasema aliuza tairi sita ili asinunue mbili.

Najua mtakachojibu, maana wakili wangu amenijibu hayohayo mara tatu.

Atasema mamlaka hayatolewi kwa huruma. Yanatoka kwenye Katiba na sheria. Nakubali. Ndiyo maana siombi huruma ya hakimu, naomba sheria. Atasema ibara ya 159 ya Katiba, ile inayosema haki isicheleweshwe na isizuiwe mno na ufundi wa taratibu, haiwezi kufufua kesi isiyo na mamlaka, wala vifungu vya 1A na 1B vya lengo kuu vilivyoingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai mwaka 2009, vile mawakili wanavyoviita kanuni ya oksijeni. Nakubali tena; mahakama zimeshasema hivyo na si kazi ya fundi kubishana nazo. Oksijeni haimfai maiti. Swali langu ni kwa nini tunamwita maiti mtu aliyekosea mlango.

Atasema watu watafungua kesi popote wapendapo, wakijua zitahamishwa. Hapo ana hoja, ila ina dawa nyepesi: anayefanya hivyo kwa hila alipe gharama za usumbufu, na mahakama iwe na hiari ya kukataa kuhamisha ikiona hila. Mimi ningelipa gharama ya siku ile kwa moyo mkunjufu. Atauliza mdaiwa je? Mdaiwa anabaki na kila kitu. Utetezi wake, mashahidi wake, risiti zake kama anazo, vyote vinaenda naye. Anachopoteza ni bahati.

Na hatutakuwa wa kwanza. Sheria yetu ya mwenendo wa madai, ya mwaka 1924, ilikatwa kwa kitambaa cha ile ya India ya mwaka 1908. Mtu akiziweka pamoja anaona mishono ileile. Wahindi nao walikuwa na tatizo hili. Mwaka 1976 wakaongeza kifungu kidogo kimoja kwenye kifungu chao cha 24, ambacho ni ndugu wa 18 chetu, kinachosema kwamba kesi inaweza kuhamishwa hata kutoka mahakama isiyo na mamlaka ya kuisikiliza. Sentensi moja. Na Sheria yao ya Ukomo ya mwaka 1963, katika kifungu cha 14, inaondoa kwenye hesabu muda ambao mtu aliutumia kwa nia njema na kwa bidii katika mahakama isiyostahili. Tulirithi nguo kwao, wao wakaiongeza upindo, sisi tumebaki na ileile fupi tukivutana nayo magotini kwa karibu miaka 50.

Kwa hiyo, kwa Kamati ya Haki na Sheria na kwa Mwanasheria Mkuu, ombi langu ni kifungu kidogo kama hicho kwenye 18, na kingine kwenye Sheria ya Ukomo. Kesi ya madai iliyofunguliwa kwa nia njema mahali pasipostahili ihamishwe, iwe ni kupanda au kushuka, tarehe ya kufunguliwa ibaki ileile, na ada iliyolipwa ihesabiwe, mtu aongeze pungufu tu. Aliyefungua kwa dai lililopita kikomo kidogo aulizwe kwanza: unaachilia ziada tubaki hapa, au tukupeleke juu? Swali hilo lingeniokoa kwa sekunde kumi. Nami nilikuwa nimeshalijibu kabla sijaulizwa.

Kwa Kamati ya Kanuni na kwa Jaji Mkuu nina mambo ambayo hayahitaji kusubiri Bunge. Kifungu cha 18 kama kilivyo leo kinairuhusu Mahakama Kuu kuhamisha kesi kwa hiari yake, bila ombi. Basi kwa zile kesi zilizo hai lakini zimekua, kama ya jirani yangu wa malori, pawe na njia ya hakimu kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa msajili wa Mahakama Kuu, jaji aipitie, faili lihame. Mwananchi asilazimike kununua ombi zima ili kumwambia jaji jambo ambalo hakimu tayari analiona mezani.

Mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao, ambao Nairobi tumeutumia tangu Julai 2020, ufundishwe kuhesabu hadi milioni moja. Nikichagua madai madogo na kuandika Sh1,043,500, uniandikie kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: dai hili limepita kikomo cha mahakama hii, je, unapunguza au unahamia kwa hakimu? Simu yangu ya elfu nane hunionya nikitaka kutuma pesa nisizokuwa nazo. Hata ile mizani ya chuma chakavu pale mtaani ikizidiwa hulia.

Na kwenye kila chumba cha mahakama pabandikwe karatasi mlangoni: cheo cha hakimu aliyemo na kikomo chake cha pesa. Karatasi moja na gundi. Gundi nitatoa mimi.

Kwa wale walio kwenye foleni leo, nawaeleza ninachowaeleza wateja na mafundi wenzangu tangu yaliyonipata. Jumlisheni kila kitu kabla ya kwenda saiba, pamoja na kazi za nyongeza. Ikizidi milioni hata kwa elfu moja, amueni kabla ya kufungua kama mnaiachilia kwa maandishi au mnaenda kwa hakimu mkazi. Msikate deni moja vipande ili kila kipande kiingie. Hilo nalo limekatazwa. Na msingoje mwaka wa sita kama nilivyongoja, kwa sababu aliyefungua mwaka wa pili akifutiwa ana muda wa kurudi, na wa mwaka wa sita hana.

Namba ya kesi yangu sijaiweka hapa, wala jina la mwenye jengo, maana naye ana haki zake na hajahukumiwa na mtu. Lakini mtu yeyote wa ofisi zenu akitaka kuona namna sheria hii inavyofanya kazi ikifika chini kabisa, nitampa. Mkataba, karatasi za kupokelea mzigo, orodha ya M-Pesa na ule uamuzi wa kurasa sita viko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la zana, zimepata vumbi la chuma lakini zinasomeka. Nipo kazini Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mkipiga simu isipokelewe, grainda inalia. Pigeni tena baada ya robo saa.

Wenu,
Fundi wa vyuma,
Kariobangi, Nairobi